Madaftari Saba ya Mzee Rajabu

Mliponiomba, wenzangu wa kazini, niandike kurasa chache kuhusu miaka yangu katika maktaba, mlisema niandike "mambo ya kuwatia moyo vijana". Nimejaribu. Nimekaa na karatasi hapa nyumbani Lubao wiki mbili nzima, nikagundua kwamba mambo ya kutia moyo hayazidi ukurasa mmoja, na nusu yake ni habari za paa jipya. Basi nitaandika ninayoyajua. Anayetaka kutiwa moyo, mikutano ya injili iko kila Jumamosi karibu na soko.

Nilianza kazi nikiwa msichana wa miaka ishirini na miwili kutoka Butere, nikiwa na cheti cha ukutubi na viatu vya kuazima. Msimamizi wa wakati huo alinionyesha meza yangu, akanionyesha choo, kisha akasema, "Mengine Rajabu atakuonyesha." Akarudi ofisini kwake, na sidhani tulizungumza tena mpaka Krismasi.

Rajabu hakuwa mkutubi. Kwenye karatasi za ofisi alikuwa mjumbe: kupeleka barua, kufagia, kufungua madirisha asubuhi. Alikuwa Mwanga, yaani mtu wa kabila la Wanga, wa Ekero karibu na Mumias, mtu mfupi mwenye kofia nyeupe iliyofuliwa mpaka ikawa laini kama karatasi ya zamani. Shuleni aliishia darasa la saba. Madrasa alisoma zaidi, na huko ndiko alikojifunza kusoma tenzi za kale za Kiswahili katika herufi za Kiarabu, jambo ambalo hakuna mtu mwingine katika jengo lile aliyeliweza, kuanzia msimamizi kushuka chini. Mfungaji vitabu alipohama na nafasi yake isijazwe, Rajabu alijifunza kazi ile mwenyewe kwa kuvifumua vitabu vilivyochakaa na kutazama jinsi vilivyoshonwa.

Siku yangu ya kwanza alinipeleka katika chumba cha nyuma, akanipa kamusi iliyovunjika mgongo. Alikuwa na sindano tatu, uzi aliokuwa akiupaka nta, kisu cha fundi viatu, na kipande cha ubavu wa ng'ombe alichokisugua kwa mchanga mpaka kikang'aa. Hicho ndicho alichokunjia karatasi. Gundi aliipika mwenyewe kwa unga wa ngano, akatia dawa ya kuzuia mende.

"Mwanangu," aliniambia, "kitabu hakifi kwa kusomwa. Kinakufanga kwa kukaa."

Hivyo ndivyo alivyozungumza, na hiyo "-nga" ya kwetu ikining'inia mwishoni mwa kila kitendo kinachozoeleka. Katika chuo cha ukutubi tulikuwa tumefundishwa kwamba hicho si Kiswahili sanifu. Nilimsahihisha mara moja. Alinitazama kwa upole, akaendelea kushona.

Katika maktaba yetu kulikuwa na rafu moja ambayo haikuguswa na mtu. Vilikuwa vitabu vilivyotolewa msaada zamani na watu waliokuwa wakihama nchi: mashairi ya vita ya Wayunani, tamthilia za Warumi, hadithi za Babeli, na mkusanyo mnene wa barua za watu wa kawaida wa Misri ya kale, zilizofukuliwa kutoka majalala ya miji iliyofunikwa na mchanga. Vyote vilikuwa katika Kiingereza kigumu. Mimi nilivihesabu kama vitabu vya kupanguswa vumbi. Rajabu alikuwa akivisoma saa ya chakula cha mchana, kamusi pembeni, kimoja baada ya kingine, tangu kabla sijaajiriwa.

Alizipenda hasa zile barua. "Wafalme wanajulikana," alisema. "Sikiliza huyu mama." Akanisomea barua ya mwanamke anayemgombeza jirani aliyeazima punda wake, akamrudisha anachechemea. Alikuwa akigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili papo hapo, na nilicheka mpaka nikaweka sindano chini. Yule mwanamke alikuwa amekufa maelfu ya miaka iliyopita na bado alikuwa na hasira na jirani yake. Na jirani yake nilimjua. Alikuwa anakaa Butere.

Ndipo zikaanza Alhamisi zetu. Hakuna aliyezianzisha rasmi. Ingekuwa rasmi ingehitaji kibali, na kibali kingehitaji kamati. Bwana Ambani, fundi wa saa aliyekuwa na kibanda mkabala nasi, alikuja siku moja kushonewa daftari lake, akamkuta Rajabu ananisomea. Akakaa. Alhamisi iliyofuata akaja na Mama Fridah, aliyekuwa akiuza ndizi sokoni. Mwisho wa mwaka tulikuwa watu kumi na wawili katika chumba cha watu wanne, tumekaa juu ya maboksi, harufu ya gundi na ndizi mbivu imejaa, na Rajabu katikati akisoma mambo ya Wayunani na Warumi na Wamisri kama vile yametokea juzi upande wa pili wa mto.

Mnaosema watu hawapendi vitu vya kale hamkuwaona wale. Mama Fridah hakuwahi kumaliza shule ya msingi. Lakini tulipofika kwenye tamthilia ya mfalme mmoja aliyemtesa bintiye kwa ukaidi wake mwenyewe, alisimama akamwambia Rajabu, "Acha kwanza. Huyo baba hana wazee wa ukoo? Hakuna mtu wa kumkalisha chini?" Wakabishana saa nzima. Bwana Ambani alichelewa kufungua kibanda na mteja akaenda zake na saa yake mbovu. Alhamisi iliyofuata Mama Fridah alikuja ameshafikiri wiki nzima: kosa lilikuwa la majirani, alisema, kwa sababu walinyamaza.

Kulikuwa na kesi ngumu pia. Mama mmoja wa kanisa alikuja na kitabu cha binti yake mkononi, amekishika kwa ncha za vidole, akauliza kwa nini maktaba ya serikali inaazima watoto miungu ya Wayunani. Mimi nilianza kumweleza juu ya kanuni na taratibu. Rajabu akaweka ndoo chini.

"Mama," alisema, "hiyo miungu ilishaachwa na wenyewe. Waliobaki humo ndani ni watu. Soma kurasa kumi. Ukiona mmoja anamshawishi binti yako aache Kanisa, uniletee mimi Mwislamu, nitakichoma."

Alisoma zaidi ya kumi. Alikirudisha kitabu baada ya wiki tatu na kuuliza kama kina ndugu yake. Niliandika kwenye ripoti ya mwezi kwamba malalamiko yameshughulikiwa. Ripoti haikuwa na mahali pa kuandika yaliyobaki.

Katika miaka hiyo Rajabu alianza kuandika. Alinunua madaftari ya shule yenye jalada la buluu, akanakili kwa mkono tafsiri zake za zile barua za Misri. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Neno moja lilimkalia siku nne. Alitaka kujua kama mke anayemwandikia mume aliyeko jeshini anasema "nimekukumbuka" au "nimekukosa", na alikwenda kuuliza wajane watatu wa Ekero kabla ya kuamua. Kufika wakati wa kustaafu kwake yalikuwa madaftari saba, kila moja amelishona upya kwa uzi wa nta ili yasichanike. Siku ya mwisho aliyapanga kwenye kabati la chumba cha nyuma.

"Nyumbani yataliwa na mchwa," aliniambia. "Hapa watu watayasoma. Nakuachia wewe, Jescah."

Hapa nawaomba vijana msome polepole, kwa sababu hapa ndipo kosa langu lilipo, na ni kosa la kikazi.

Kitu chochote kinachoingia maktaba kinaandikwa katika rejista: namba, tarehe, mwandishi, kilipotoka. Kinapigwa mhuri. Nilikuwa nimefanya hivyo mara elfu nyingi, kwa vitabu vya mitihani vilivyooza baada ya miaka miwili. Madaftari ya Rajabu sikuyaandika. Rejista ilitaka jina la mchapishaji, nayo hayakuwa na mchapishaji. Nikasema nitamuuliza msimamizi. Msimamizi alikuwa kwenye semina. Nikasema kesho. Ile kesho ilichukua miaka minne, na sikuwa mgonjwa hata siku moja katika hiyo miaka minne.

Niliendelea na Alhamisi kadiri nilivyoweza. Nilisoma kutoka kwenye madaftari yake. Sikuwa na sauti yake, lakini watu walikuja kwa ajili ya maneno. Ndipo akaja Daktari. Sitamtaja jina, wakili mmoja alinishauri hivyo, na ushauri wake ndio kitu pekee alichonipa. Alikuwa mhadhiri kutoka mbali, amevaa vizuri, mwenye Kiswahili cha kitabuni kisicho na doa. Alikaa nasi Alhamisi tatu. Alicheka pale pa kuchekesha, alikula ndizi za Mama Fridah, alimwita Bwana Ambani "mzee wangu". Alhamisi ya tatu akabaki nyuma.

"Madam Jescah, hii ni hazina," alisema. "Naomba niende nayo wiki moja tu, nitoe nakala. Chuo chetu kinaweza kumsaidia huyu mzee kuchapisha."

"Ngoja nikuandikie stakabadhi," nilisema.

Akacheka kidogo. "Wiki moja, madam. Au huniamini?"

Mwanafunzi wa darasa la nne akiazima kitabu cha kurasa ishirini kwangu, alitia sahihi. Daktari alitoka na madaftari saba chini ya kwapa na sikumwandikia hata mstari. Nilimwonea haya. Nimelitafuta neno lenye heshima zaidi, sikulipata.

Baada ya wiki nilipiga simu. Alisema yuko safarini. Baada ya mwezi alisema yako salama. Baada ya mwaka simu iliita bila kupokewa, halafu ikaacha kuita. Rajabu, ambaye nilikuwa nimemweleza ile ahadi ya chuo, alinipigia mara mbili kuuliza kama yule mwalimu wa chuo amesema lolote. Mara zote mbili nilimwambia mambo ya kuchapisha huchukua muda. Hilo angalau lilikuwa kweli.

Nikiwa nimebakiza miaka miwili kustaafu, msimamizi mpya, yule ambaye wengi wenu mmefanya naye kazi, alituma tangazo kwenye kundi letu la WhatsApp. Kitabu kipya kingezinduliwa katika ukumbi wetu: barua za Misri ya kale, kwa mara ya kwanza katika Kiswahili. Picha ya Daktari ilikuwa kubwa kuliko ya kitabu. Niliisoma mara tatu nikiwa nimesimama jikoni, na ugali ukaungua.

Mngefanya nini? Mimi nilinunua nakala mapema, nikaisoma usiku mmoja. Palikuwa na utangulizi mrefu. Jina la Rajabu halikuwa kwenye utangulizi, wala kwenye shukrani, wala mahali popote. Lakini yeye mwenyewe alikuwemo kila ukurasa. Nilijiambia kwamba hatajua. Hana kundi la WhatsApp, yuko Ekero, macho yamefifia. Nilijiambia nitaongea na Daktari siku hiyo, faraghani, kwa utaratibu.

Kumbe msimamizi, akiogopa viti vitakaa vitupu, alikuwa amewaalika wastaafu wote.

Alikuja na binti yake, Mwanaisha, aliyemshika mkono. Alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi na alikuwa na furaha. Aliniona mlangoni nikipanga chupa za maji.

"Jescah! Wameniambia ni barua za Misri. Kumbe kuna mtu mwingine anayezipenda!"

Nikamwambia, "Karibu, mzee. Kaa mbele." Mwanaisha akamkalisha nyuma, karibu na dirisha, kwa ajili ya hewa.

Daktari alisimama, akashukuru wakubwa kwa vyeo vyao, akafungua kitabu. Kati ya barua zote akachagua ile ya punda. Akaisoma vizuri, sitamnyima hilo. Alipofika pale mwanamke anapomwambia jirani, "Punda wangu unamchukuanga mzima, unamrudishanga mgonjwa," ukumbi mzima uliangua kicheko. Rajabu alicheka pamoja nao. Nilikuwa namtazama. Alicheka, mabega yakatikisika, halafu mabega yakasimama.

Wakati wa maswali aliinuka, akishika kiti cha mbele yake.

"Daktari, hongera. Nilitaka kuuliza, hiyo 'unamrudishanga' uliitoa wapi?"

Daktari akatabasamu. Hakumjua, hawakuwa wamewahi kuonana. "Swali zuri sana, mzee wangu. Nilitaka lugha ya mwananchi. Nilizunguka vijijini nikiikusanya."

"Kijiji gani?"

Watu wakacheka. "Vingi, mzee. Vingi."

"Na madaftari yangu yako wapi?"

Kicheko kikakatika. Msimamizi akachukua kipaza sauti. "Mzee Rajabu alikuwa mjumbe wetu hapa kwa miaka mingi, tunampenda sana. Maswali mengine tutayachukua wakati wa chai."

"Jescah yuko hapa," Rajabu alisema. Hakupandisha sauti. "Niliyaacha mkononi mwake. Jescah aseme."

Watu waligeuka wote. Nilikuwa na chupa mbili za maji mikononi. Nilimwona msimamizi akinitazama, na nikaona rejista, na ule mstari usioandikwa, na stakabadhi isiyokuwepo, na barua ya nidhamu, na miaka miwili iliyobaki. Yote hayo niliyaona kwa haraka ya ajabu. Kichwa cha mtu mwoga hufanya kazi vizuri sana.

"Mzee," nilisema, "tutaongea baadaye."

Mwanaisha alimshika baba yake mkono wakatoka. Hakuna aliyewazuia. Chai ilikuwa na sambusa.

Nilikwenda Ekero Jumapili iliyofuata. Mwanaisha alisimama mlangoni. "Baba amelala," alisema, na nyuma yake nilisikia redio na kikohozi chake. Nilikwenda tena mwezi uliofuata. Alikuwa amelala tena. Mara ya tatu ni Rajabu mwenyewe aliyesema kutoka ndani, "Mwache aingie. Ametoka mbali."

Alikuwa kitandani, mwembamba, macho yake yamefunikwa na ukungu wa mtoto wa jicho. Nilimsalimia, nikapiga magoti kando ya kitanda, nikaanza maneno niliyokuwa nimeyapanga njia nzima. Akainua mkono.

"Umekuja na hicho kitabu?"

Nilikuwa nacho kwenye mkoba. Sijui kwa nini nilikichukua.

"Nisomee. Mwanaisha hakipendi, hataki kukigusa."

Nikasoma. Nilisoma karibu saa mbili. Alilala amefumba macho, midomo yake ikitembea mbele ya yangu, kwa sababu kila sentensi aliijua kabla sijaifikia. Kwenye barua ya punda alicheka mpaka Mwanaisha akachungulia. Kwenye barua ya binti anayeomba aletewe chakula kutoka nyumbani alinisimamisha.

"Hapo ameharibu. Mimi niliandika dengu. Yeye ameandika nafaka?"

"Nafaka."

"Mtoto mwenye njaa haombi nafaka. Anaomba dengu za mama yake. Nilikaa na hiyo dengu wiki nzima, Jescah."

Nilipofunga kitabu nilimwomba msamaha. Nilimweleza yote: rejista, stakabadhi, haya. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusamehe," alisema, "kwa sababu dini yangu inataka nikusamehe. Lakini usiniulize moyo kama umekubali. Moyo bado." Kisha akasema, "Umesoma vizuri. Sasa uende, mvua inakuja."

Alifariki kabla sijarudi. Tulimzika siku hiyohiyo, kama ilivyo desturi yao. Ofisi ilituma barua ya rambirambi, akaisoma kijana mmoja wa msikiti: marehemu alikuwa mjumbe mwaminifu aliyedumisha usafi wa maktaba. Niliitambua karatasi, niliitambua hata mashine iliyoichapa. Hakuna aliyekuwa ameniuliza cha kuandika. Labda wangeniuliza, ningesema tutaongea baadaye.

Baada ya mazishi ndipo nikapata ujasiri, kama watu wengi. Niliandika kwa wachapishaji. Walijibu kwa adabu, wakauliza kama yapo maandishi ya asili. Nikasema anayo mwandishi wenu. Mwandishi wao, walijibu, hayajui madaftari yoyote. Je, yapo kwenye rejista ya maktaba? Je, kuna stakabadhi? Nilikwenda kwa Mama Fridah sokoni. Bwana Ambani alikuwa ametangulia mbele ya haki, lakini Mama Fridah alikuwa palepale na ndizi zake.

"Mulembe, Jescah," alinisalimia. "Zile balua za mzee? Mimi nazijua zote," alisema, na hapo sokoni, huku akimhesabia mtu chenji, akanisomea kwa kichwa ile ya mke wa mwanajeshi, kuanzia salamu mpaka mwisho, na wanawake wa meza za jirani wakaacha kuita wateja wakasikiliza. Niliiandika neno kwa neno, na Mama Fridah akatia kidole gumba. Wachapishaji walijibu kwamba kumbukumbu ya msikilizaji haiwezi kuchukuliwa kuwa ushahidi, hasa kwa vile kitabu sasa kinapatikana kila mahali na mtu yeyote anaweza kukikariri. Wakili aliniambia wana haki kusema hivyo.

Kitabu kinaendelea vizuri. Nasikia kinasomwa shuleni. Wanafunzi wanakipenda, hasa kwa lugha yake.

Na sasa sherehe yangu ya kuagwa, mwezi uliopita. Mlikuwapo. Mlipamba ukumbi vizuri, na keki ilikuwa na umbo la kitabu kilichofunguliwa. Msimamizi alisema nimekuwa nguzo. Halafu akaniletea zawadi iliyofungwa kwa karatasi ya dhahabu, akaniambia niifungue mbele ya watu. Nilijua kabla sijamaliza kuchana karatasi. Ilikuwa nakala ya kitabu kile, jalada gumu, toleo jipya, na ndani Daktari ameandika kwa mkono wake: Kwa Madam Jescah, mlezi wa maarifa.

Msimamizi alisoma maneno hayo kwa sauti. Kisha mkanipa kipaza sauti.

Sikuwa nimepanga. Nilisema kitabu hiki hakikuandikwa na huyu mtu. Nilisema kiliandikwa na Rajabu wa Ekero, aliyekuwa akifagia ukumbi huu, kwa mkono, katika madaftari saba ya buluu. Nilisema niliyatoa mimi bila sahihi, na aliposimama hapahapa akaniomba niseme, nilinyamaza kwa sababu ya woga. Nilisema amekufa. Nilisema yote, kwa mpangilio, na sauti yangu haikutetemeka, na nilipomaliza niliwatazama mmoja mmoja.

Wengine mlikuwa mnatazama chupa za soda. Mmoja alikuwa anarekodi kwa simu, kisha akaishusha. Msimamizi alikohoa. Mshereheshaji, mtu wa kukodiwa ambaye hakumjua mtu yeyote kati yetu, akaona kimya kimekuwa kirefu, akaruka mbele na kuchukua kipaza sauti.

"Maneno mazito kutoka kwa mama yetu!" alisema. "Jamani, mama apigiwe makofi!"

Mkapiga. Mlipiga kwa nguvu, na kwa muda mrefu, mpaka muziki ulipowekwa.